Bakapu iliyotoka Tabora kwa miguu mwaka 1872

Tarehe 14 Machi 1872 msafara mmoja uliondoka Kwihara, kilomita chache tu kutoka Tabora mjini, ukaelekea pwani. Kati ya mizigo yake kulikuwa na kitabu kikubwa cha shajara, kimefungwa na kupigwa mihuri mitano. Aliyekabidhiwa alikuwa Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald. Mwenye kitabu, David Livingstone, hakwenda naye. Alibaki Kwihara akisubiri wapagazi wapya, halafu akarudi bara, na pwani hakuiona tena.

Shuleni tulisoma habari hii kama kisa cha Wazungu wawili waliokutana Ujiji. Leo naomba tuiangalie kama kisa cha data. Ukiweka pembeni shanga, vitambaa na bunduki, kilichokuwa kinasafiri siku ile ni kumbukumbu za miaka sita. Na swali lililokuwepo ni lile lile linalotukabili sisi tunaoandika tasnifu kwenye laptopu moja iliyochoka: hiki kikipotea, kuna kingine?

Mimi nimekulia Mtendeni, hapo hapo Tabora mjini, na utafiti wangu ni wa masimulizi ya wazee kuhusu njia ya misafara. Kwa kazi kama hii swali si la kinadharia. Sura ya tasnifu ikifutika utalia siku mbili kisha utaiandika upya. Sauti ya mzee aliyefariki baada ya kurekodiwa haiandikwi upya.

Hoja yangu ni moja tu. Nakala inakuwa bakapu pale inapopita njia tofauti na ile ya asili. Zikikaa pamoja, hata ziwe kumi, kiusalama ni nakala moja. Twende taratibu.

Mfukoni na sandukuni

Livingstone alitua Mikindani Machi 1866 kuanza safari yake ya mwisho. Alikuwa na utaratibu. Njiani alibeba vijitabu vidogo vya mfukoni, akiandika kwa penseli: tarehe, vipimo, mvua, majina ya vijiji na watu. Akipata mahali pa kutulia, alihamisha yale maandishi kwa wino na kwa urefu zaidi kwenye kitabu kikubwa kilichotengenezwa na Letts, kampuni ya London ya shajara.

Angalia mpangilio huo. Kijitabu kiko mwilini mwa mwandishi, kitabu kikubwa kiko sandukuni kichwani kwa mpagazi. Mwandishi akitumbukia mtoni, kitabu kinabaki. Mpagazi akitoroka na sanduku, vijitabu vinabaki. Ajali moja haiwezi kirahisi kuvipata vyote viwili. Hata namna ya kuandika ni mbili, maana penseli haichujuki kwa maji kama wino. Hapo ameshatupiga bao wengi wetu, ambao "nakala ya pili" ni folda nyingine kwenye laptopu ile ile.

Sanduku moja la dawa

Lakini hata mtu makini ana kitu kimoja anachokisahau. Tarehe 20 Januari 1867, katika eneo ambalo leo ni kaskazini mwa Zambia, wapagazi wawili walitoroka, na katika walivyoondoka navyo lilikuwemo sanduku la dawa. Dawa zote zilikuwa humo, pamoja na kwinini ya kutibu malaria. Livingstone mwenyewe aliandika kwamba bidhaa nyingine zote alikuwa amezigawa katika mizigo tofauti ili mmoja ukipotea asikose kila kitu. Za dawa hakuzigawa. Homa zilizomrudia miaka iliyofuata zilimkuta hana kinga, na afya yake haikukaa sawa tena.

Kugawa mizigo kulikuwa kawaida ya misafara. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama kilo 30, na mkuu wa msafara mwenye akili hakuweka shanga zote kwa mtu mmoja na vitambaa vyote kwa mwingine. Wahandisi wa kompyuta wanayo dhana hiyo hiyo: tafuta kile kitu kimoja ambacho kikifa, mfumo wote unakufa. Kwako inaweza kuwa diski. Inaweza pia kuwa nywila ambayo ipo kichwani mwako tu, au simu moja inayopokea namba za siri za akaunti zako zote. Simu ikiibiwa, unabaki nje ya mlango wa hifadhi yako mwenyewe.

Karatasi zilipoisha

Mwaka 1871 Livingstone alikuwa Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, na vifaa vya kuandikia vimemwishia. Akaanza kuandika juu ya magazeti ya zamani aliyokuwa nayo, likiwemo The Standard la London la tarehe 24 Novemba 1869. Aliligeuza gazeti pembeni, akaandika kukatiza mistari iliyochapwa. Wino wake aliupata kwenye mbegu za mmea ambao yeye aliuandika kwa jina "zingifure", zinazotoa rangi nyekundu.

Kwa karatasi hizo aliandika aliyoyaona Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, pale watu wa wafanyabiashara walipofyatua risasi sokoni na kuua mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula. Hayo ni maandishi mazito, na yalikuwa juu ya kifaa dhaifu kuliko vyote alivyowahi kutumia. Karatasi ya gazeti ina asidi na lignini, kwa hiyo hugeuka njano na kukatikakatika. Rangi ya mimea nayo hufifia kadiri miaka inavyokwenda.

Vifaa vyetu vya leo vina udhaifu wao pia. Flashi na kadi ya simu hutunza data kama chaji ya umeme iliyonaswa kwenye vyumba vidogo sana, na chaji hiyo huvuja polepole, hasa kwenye joto. Kwa hiyo flashi iliyotupwa kwenye droo miaka mingi haina dhamana yoyote. Diski ngumu ya kizamani ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache. Ikidondoka meza inapokuwa inafanya kazi, kichwa kinaweza kugusa sahani na kuikwaruza. Umeme ukikatika katikati ya kuandika faili, faili linaweza kubaki nusu. Hakuna kifaa kisichokufa, kila kimoja kina namna yake ya kufa. Ndiyo maana inashauriwa uchanganye aina, kama alivyochanganya penseli na wino.

Tabora nayo haikuwa ghala salama

Livingstone alifika Ujiji Oktoba 1871, akakuta bidhaa zilizotumwa kwa ajili yake zimeuzwa zote na mtu aliyekabidhiwa. Ghala moja, mlinzi mmoja, mwisho wa habari. Stanley alimkuta hapo akiwa hana kitu. Wakasafiri pamoja mpaka Unyanyembe, wakafika Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Ujiji na Kwihara zilimpa nafasi ya kuhamishia kumbukumbu za vipande vya magazeti kwenye kile kitabu kikubwa. Watafiti wa leo wanakiita Shajara ya Unyanyembe.

Sasa mtu angesema: ameshanakili, kitabu kiko ndani ya tembe imara, Tabora ni mji mkubwa wenye wafanyabiashara wa Kiarabu na bohari zao, si inatosha? Haikutosha. Agosti 1871, miezi saba tu nyuma, vikosi vya Mirambo viliingia Tabora, vikamuua Khamis bin Abdullah, na sehemu ya mji ikachomwa moto. Stanley mwenyewe alikuwepo Kwihara siku hizo akiuona moshi. Ukuta mnene unazuia mwizi wa usiku, kwa moto wa mji mzima unasaidia kidogo sana.

Kosa hili bado lipo kwenye karne yetu. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kituo cha data cha kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa. Miongoni mwa walioumia ni wateja waliolipia bakapu, kumbe nakala zao zilikaa kwenye eneo lile lile na seva walizokuwa wanazilinda. Kwenye karatasi za mkataba zilikuwa nakala mbili. Kwa moto zilikuwa moja.

Hivyo kitabu kikaondoka na Stanley, kimefungwa kwa mihuri, kwa maagizo kwamba kisifunguliwe njiani. Hapo kuna somo la pili. Livingstone alihitaji mtu wa kubeba, lakini hakuhitaji mbebaji asome. Leo kazi ya ile mihuri inafanywa na usimbaji fiche: unafunga faili kwa nywila kabla ya kulipeleka kwenye hifadhi ya wingu au kwenye diski ya rafiki, naye anatunza kitu asichoweza kukisoma. Kwetu watafiti hili lina uzito wa kisheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mahojiano yenye majina, vijiji na mambo ya familia za watu hayafai kuachwa wazi kwenye flashi inayozunguka chuo kizima.

Stanley alifika Bagamoyo tarehe 6 Mei, na Uingereza tarehe 1 Agosti 1872. Pamoja na shajara alikuwa amebeba barua, na ndani yake taarifa ya Nyangwe. Habari hizo ziliongeza shinikizo lililoishia kwenye mkataba wa Juni 1873, ambao Sultani Barghash wa Zanzibar alikubali kufunga soko la watumwa. Maandishi yaliyobaki Manyema yasingefanya kazi hiyo.

Nakala moja, watu sitini

Baada ya Machi 1872 kila alichoandika Livingstone kilikuwa pamoja naye tu. Aliondoka Kwihara Agosti mwaka huo, akaelekea mabwawa ya Bangweulu, mvua zikamkuta huko, akafariki kijijini kwa Chitambo mwanzoni mwa Mei 1873. Miezi ya mwisho ilikuwa kwenye vijitabu vya penseli, hakuwahi kuihamisha. Jiulize kama kitabu kikubwa nacho kingekuwa kwenye mabwawa yale, miaka yote saba ingetegemea masanduku machache yaliyolowa.

Kilichookoa miezi ile ni watu. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao, kama sitini hivi, waliamua kuubeba mwili na vitu vyake mpaka pwani. Kabla ya kuondoka, masanduku yalifunguliwa mbele ya wote ili jukumu liwe la wote, na Jacob Wainwright, aliyesoma shule ya Nasik kule India, akaandika orodha ya vilivyomo. Mtu wa kompyuta akisoma hapo anatabasamu, maana huo ni uhakiki. Umehesabu kilichotoka, basi kule mwisho utajua kama kimefika kamili.

Oktoba 1873 walifika Unyanyembe. Njia ile ile, Kwihara ile ile. Walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron alishauri mwili uzikwe hapo. Wakakataa. Alifungua masanduku na kuchukua vyombo vya kupimia kwa ajili ya safari yake. Maandishi yakaendelea na msafara, yakafika Bagamoyo Februari 1874, na mwaka huo huo Horace Waller akayachapisha London kwa juzuu mbili. Hapo ndipo kikawa kitu kisichopotea, maana nakala zikaenda kwenye maktaba nyingi ambazo haziwezi kuungua siku moja.

Waller hakuweza kufanya kazi ile peke yake. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza, wakakaa naye wakimweleza: hapa ni wapi, huyu ni nani, siku ile ilitokea nini. Data bila maelezo ni nusu data. Faili linaloitwa "REC_0047" baada ya miaka mitano hata wewe uliyelirekodi hutajua ni sauti ya nani, imerekodiwa wapi, na kama alitoa idhini. Andika maelezo hayo kwenye faili dogo la maandishi na uliweke folda moja na sauti, ili linakiliwe pamoja nayo.

Hapa kuna jambo linaloniuma kama mtu wa Tabora. Shajara ya Wainwright imesalia, na leo inasomeka mtandaoni. Lakini Halima, aliyekuwa mpishi wa msafara, tunamjua kwa mistari michache iliyoandikwa na wengine. Maelfu ya wapagazi waliopita Unyanyembe na pembe kichwani hatuwajui hata kwa majina. Kumbukumbu zao zilikuwa nakala moja, kichwani, zikapita kwa watoto na wajukuu. Wajukuu hao ndio wazee tunaowarekodi leo kwa simu.

Mwanga kuliko wino

Vile vipande vya magazeti navyo vilinusurika. Vilihifadhiwa Scotland, Blantyre alikozaliwa Livingstone, vikiwa vimefifia kiasi kwamba sehemu kubwa haikusomeka kwa macho. Mwaka 2010 kundi la wataalamu likiongozwa na Adrian Wisnicki lilianza kuvipiga picha kwa mianga ya aina nyingi, kuanzia urujuanimno mpaka infraredi. Wino wa mimea na wino wa kiwandani wa gazeti hunyonya mwanga kwa namna tofauti. Ukizichanganya picha hizo kwa kompyuta, unaweza kufifisha maneno ya gazeti na kuyainua ya Livingstone. Matokeo yalitolewa Novemba 2011, miaka 140 baada ya kuandikwa.

Kilichogunduliwa hakikuwa maneno yaliyofifia tu. Kulinganisha vipande hivyo na nakala safi kulionyesha kwamba Livingstone alipohamisha alibadilisha pia. Kwenye karatasi za gazeti mwenendo wa watu wake mwenyewe unatia mashaka zaidi, na kwenye kitabu kikubwa mambo hayo yamelainishwa. Kwa miaka yote hiyo wasomaji walikuwa na nakala iliyohaririwa, wakidhani ndiyo ya asili.

Kwa hiyo usihesabu toleo lililosafishwa kama bakapu ya data ghafi. Sauti ya mahojiano itunzwe kama ilivyo, unukuzi uwe faili jingine. Na kunakili peke yake hakutoshi mpaka uhakikishe nakala ni sawa na chanzo. Programu za SHA-256 zinatoa kama alama ya kidole ya faili: herufi moja ikibadilika, alama yote inabadilika. Linganisha alama mbili, umemaliza orodha ya Wainwright ndani ya sekunde chache.

Sasa wewe

Kanuni maarufu siku hizi ni 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala 3, kwenye aina 2 za vifaa, 1 ikiwa mahali pengine. Kwa mwanafunzi wa kwetu mwenye bando la kuungaunga inawezekana hivi.

Nakala ya kwanza ni laptopu yako. Ya pili ni diski ya nje unayoichomeka mara moja kwa wiki, ukimaliza unaichomoa. Kuichomoa ni sehemu ya kazi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta duniani kote kikidai malipo, na virusi vya aina hiyo hufunga pia diski inayokutwa imechomekwa. Ya tatu ni ya mbali. Maandishi ni mepesi, yapeleke kwenye hifadhi ya wingu. Sauti na video kama zinakula bando, weka kwenye diski nyingine iliyofungwa kwa nywila, umpe ndugu anayekaa mji mwingine, na mbadilishane kila mnapoonana. Tabora na Dodoma haziungui siku moja.

Tahadhari: folda inayojisawazisha na mtandao si bakapu kamili. Ukifuta faili kwenye laptopu, nayo inafuta kule kwa utii mkubwa. Angalia huduma yako inatunza matoleo ya zamani kwa siku ngapi. Na mara moja kila muhula jaribu kurudisha faili moja kutoka kwenye kila nakala, ulifungue, ulisikilize mpaka mwisho.

Kama muda ulio nao leo ni wa saa moja tu, usianze na tasnifu. Anza na zile rekodi za wazee zilizo kwenye simu peke yake.